Aliyemtoa Mzee Majini

Jumapili, nyumbani kwangu Husby. Manyunyu tangu asubuhi, na bega la kulia linaniuma.

Nimetoka kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Mzee Gunnar, ninayemhudumia nyumbani kwake huu mwaka wa nne. Ametimiza themanini na tano. Leo nilikwenda kama mgeni, na binti yangu Neema, nimevaa kitenge kipya.

Mwezi wa saba mzee alitaka kuiona pwani ya kaskazini mara ya mwisho. Tukaenda kwa boti yao: yeye, mwanawe Erik, na mimi wa kumpa dawa na kumpikia. Kule milima inaingia baharini wima, na mnaweza kusafiri kutwa msione nyumba hata moja. Asubuhi moja tulikuwa tumetia nanga. Mzee akaenda kukagua kamba, akateleza, akaanguka majini. Erik alikuwa chini, ndani ya boti, amelala. Nikajitupa kifudifudi pale ukingoni mwa boti, nikamkamata mzee kwenye ukosi wa jaketi la kuokolea maisha, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Maji yale ni baridi hadi yanaunguza. Nilisali Baba Yetu mara tatu nzima ndipo Erik akatokea, tukampandisha pamoja.

Leo Erik alisimama mbele ya wageni, glasi mkononi.

"Nilimtoa baba peke yangu," akasema. Wakapiga makofi.

Mzee alinitazama. Kisha akainamia keki yake.

Hapo ndipo nilipoumia. Kwa Erik sikutarajia kitu.

Halafu Erik huyohuyo akanigeukia: "Furaha, utatuletea kahawa?" Nami, na kitenge changu, nikainuka nikaleta.

Kwenye treni Neema akaniuliza kwa Kiswidi kwa nini sikusema neno.

"Mtu mzima haaibishwi mbele za watu, mwanangu."

"Na wewe je, mama?" Hili alilisema kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiswidi siku zote.

Nimemlea asiseme uongo, na leo ameniona nikiuandalia uongo kahawa.

Kesho saa mbili asubuhi nitamvalisha mzee soksi kama kawaida. Nikimaliza nitavuta kiti, niketi mbele yake, nimuulize mbona alinyamaza. Akikwepa macho yangu tena, nitaomba kazini nipangiwe mzee mwingine wa kumhudumia.

Naogopa, maana yule mzee nampenda.