Futari ya Panya

Jumatatu, 3 Machi 2025

Toka Nungwi mpaka Makunduchi hakuna kichwa kama changu. Wenzangu wamesoma mpaka wakaota kipara. Mimi nimeingia maabara kwa kidato cha pili na ufagio. Na nnavyopendeza ndani ya koti jeupe! Leo nimepita nalo Darajani makusudi. Mzee mmoja kaniita daktari, akanionesha goti lake. Nikaliangalia. Nikamwambia apunguze chumvi.

Kazi yenyewe — panya. Si hawa wa sokoni wasio na adabu. Weupe, macho mekundu, kila mmoja na kizimba chake, wanalala vizuri kuliko mimi. Dk. Riyama, mkuu wa maabara, anataka kujua ile dawa ya sukari ya Bi Kazija ikinywewa inadhuru au haidhuru. Bi Kazija ni mama mkubwa wangu, dada wa mama, mwenye duka la dawa za miti Mlandege. Hoteli moja ya Kiwengwa inataka kuwauzia wageni wake, lakini kwanza iletwe karatasi ya maabara. Yaani wazungu wanasubiri panya waonje kwanza. Heshima iliyoje!

Jumatano, 5 Machi

Nshawapa majina. Yuko Bwana Harusi, kutwa anajipangusa masharubu. Yuko Sheha — mnene, anakalia sahani ya chakula utadhani kaipima yeye mwenyewe kama kiwanja. Leo Sheha kaning'ata kidole. Damu!

Dk. Riyama kasema nivae glavu, hawa si paka wa kwetu, na niache kuwapa majina. Nikasema naam, daktari. Sheha alicheka. Wallahi alicheka.

Dozi ndogo walipewa wenzao, wako salama. Keshokutwa zamu ya hawa, dozi kubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimecheka mpaka nikaiogopea saumu yangu. Alasiri Dk. Riyama kaniambia niondoe chakula vizimbani, niache maji tu. Panya wafunge mpaka asubuhi ndio wanyweshwe dawa. Nikamuuliza, na nia wametia? Hakucheka. Kwa Dk. Riyama kicheko kinafunguza. Akanieleza na sababu, ndefu, mambo ya tumbo na dawa na makali. Miye nilikuwa nnawaza tambi.

Magharibi nikabaki peke yangu. Adhana hiyo, tende mkononi, na macho mekundu yote yananitazama. Jamani! Mtu anafuturu vipi mbele ya waliofunga? Mama kanifungia muhogo wa nazi na mkate wa boflo, chakula cha harusi. Nikagawa. Bwana Harusi kapokea kwa mikono miwili, adabu tupu, watoto wa mtaani kwetu waje wajifunze. Kilichobaki wakakifukia chini ya maranda. Nikasema sawa, hicho cha daku.

Sheha hakupata hata chembe. Kidole bado kinaniuma. Afunge, apunguze kitambi.

Ijumaa, 7 Machi

Wamenyweshwa. Dk. Riyama ana sindano butu yenye mrija, inapita mdomoni mpaka tumboni. Panya anabaki katoa macho kama mtu aliyetajiwa bei ya nyama. Niliyewashika ni mimi. Kasema mikono yangu mizuri. Naiandika isije ikapotea: MIKONO YANGU MIZURI.

Jumamosi, 8 Machi

Sheha kafa. Nimemkuta kalala ubavu. Wenzake wazima, Bwana Harusi na masharubu yake.

Dk. Riyama kasema huenda mrija ulipotea njia ukaingia mapafuni, hutokea. Kachukua mapafu na ini lake apime. Nikasema kwa tabia ile mimi sishangai.

Sikucheka sana, lakini.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita Mlandege na koti langu. Bi Kazija kanipokea: enhe, daktari wangu, panya wangu wanasemaje? Nikamwambia wanakusalimu. Nikampa habari yote: dozi kubwa, tumbo tupu, saumu kamili, na wanatia mbio. Sheha sikumtaja. Marehemu wa ajali anaingiaje hapa?

Bi Kazija akapiga meza. Siku zote huwaambia watu kijiko kimoja, tena mtu akishakula. "Kumbe nnawaonea! Panya kajazwa dozi ya ng'ombe tumbo tupu na yu mzima, miye na sukari yangu hii nnaogopa nini? Ntaichemsha mpaka iwe nzito, Jumamosi nifuturu nayo kikombe kizima. Na mamako naye aje, nimpe."

Nikamwambia kunywa, mama mkubwa, niliyewashika ni mimi. Kanijazia mfuko sambusa.

Jumamosi, 15 Machi

Mapafu ya Sheha safi. Dk. Riyama kaniambia leo. Mrija haukupotea popote. Kilichooza ni ini.

"Sielewi, Talib. Dawa moja, dozi moja, mmoja afe, wengine hata mafua? Si wote walifunga?"

Nikasema naam. Neno jepesi lile, linatoka lenyewe.

Kisha nikamuuliza, kama mwenye hamu ya elimu: na kama angekula kabla? Kasema, nshakwambia siku ile, chakula kinaizuia dawa, makali yake hayaonekani. Safari hii sikuwaza tambi.

Nimekimbia mpaka Mlandege. Ghorofani kwa Bi Kazija futari ishatandikwa. Chupa katikati, nzito kama asali. Vikombe viwili, chake na cha mama.

Na mimi, kichwa cha Unguja nzima, nimefanya nini? Nimeiba chupa. Imo ndani ya shati. Nimekaa ngazini, nnaandika, ili anayepita aone mtu ana shughuli zake.

Bi Kazija anafoka: nani kaichukua chupa yangu? Mama anamcheka, labda shetani ana sukari. "Mashetani si wamefungwa mwezi huu!" Kumbe kasahauliwa mmoja.

Mayasa, binti wa Bi Kazija, kanipita mbio. Katumwa dukani chini akalete nyingine. Zimo tele, imechemshwa sufuria nzima. Shati langu moja.

La kusema nnalijua. Nikilisema, koti sina, udaktari sina, na Bi Kazija hoteli ya Kiwengwa hana. Nimelijaribu chini kwa chini, linatoka limevaa mzaha.

Mama ananiita: "Talib! Njoo ukae, wanaadhini sasa hivi!"

Nimeitika naam. Sijainuka. Mayasa huyo anapanda, chupa mkononi. Hebu niliandike kwanza nilione lilivyo:

Panya hawakufunga, mama mkubwa. Niliwafuturisha mimi. Aliyefunga kweli ni Sheha peke yake.