Tovuti Iliyosema Asante

Gatitu, Nyeri
Julai 14

Dada yangu Phoebe,

Salamu kutoka kwa baridi hii. Sweta uliyonitumia imenitosha vizuri.

Nasikia umewaambia watu kanisani kwamba nimetengeneza tovuti ya kuandikisha wagonjwa wa kliniki ya macho. Tafadhali acha kunisifu. Ilipopata hitilafu ambayo sikuitarajia, ilionyesha maandishi mekundu, na mkubwa wangu kazini hakuyapenda. Basi niliyaficha. Niliifanya iseme, "Asante, umeandikishwa," hata iliposhindwa kuhifadhi jina.

Jumatatu Mama Nyawira alimleta binti yake kutoka Othaya. Daktari huja mara moja kwa miezi mitatu, na jina la mtoto halikuwa kwenye orodha, ingawa mama aliiona ile "Asante" kwenye simu yake.

"Mama, ulibonyeza vibaya," karani akamwambia.

"Nisamehe, mimi sikusoma sana."

Nilikuwa nimeketi hapo hapo, Phoebe, na nikanyamaza. Walipofika langoni ndipo nilipowafuata, nikamwambia ukweli. Hakunifokea.

"Sasa mbona uliniacha niombe msamaha mbele ya mtoto wangu?" akauliza.

Nyawira ataonwa Oktoba. Tovuti nimeirekebisha. Swali la mama yake sijalijibu.

Mdogo wako,
Wandera