Sauti ya Idrisa Ndani ya Kompyuta ya Bi Mwanaidi

Old Kampala,
Jumapili alasiri

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, goti limetulia, na ukungu wa Wundanyi umeondoka mapema ukapata kuota jua. Mimi ni mzima, ila mafua ya mvua za huku, nayo yananiacha pole pole.

Bado natengeneza kompyuta kwa Bwana Kizito, yule Mganda niliyekutajia kwenye simu. Duka letu liko mteremkoni, chini ya msikiti mkubwa. Mvua ikinyesha mchana, mji wote huwa kama umetandikwa shuka jeupe, na wapita njia huonekana kama watu wa ndotoni. Siku moja ya mvua ya namna hiyo aliingia Bi Mwanaidi, kompyuta yake imeviringishwa kwenye khanga, na nyuma yake mwanamke kipofu amemshika bega. Huyo ni Hajara, muuza karanga wa soko la Kalerwe, mwanafunzi wake.

Bi Mwanaidi ni mwenyeji wa kilima hiki. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake, mama, kilinifanya nijihisi niko nyumbani. Anawafundisha wanawake vipofu kusoma Kurani. Mwanawe wa pekee, Idrisa, ndiye aliyemtengenezea programu ya kufundishia: ukibonyeza herufi, sauti ya Idrisa mwenyewe inaitamka, kisha inakuongoza kwenye somo. Idrisa alifariki kwa homa miaka mingi iliyopita. Sasa kompyuta imechoka. Sauti inakwama kama ya mwenye kigugumizi, na somo la mwisho halifunguki kabisa.

"Mwanangu," aliniambia, "nataka iende mbio. Lakini usinifutie mtoto."

Mafundi wengine walishajaribu kuihamishia programu hiyo kwenye kompyuta nyingine. Kila mara inauliza neno la siri, na neno hilo Idrisa alikwenda nalo. Ni kwenye mashine hii tu ndipo haiulizi kitu.

Bwana Kizito alinivuta kando. "Wakio, wacha hii. Sisi natia Windows mupya, mutu nakwenda."

Kweli, kupiga Windows upya ni kazi nyepesi, lakini kungefagia kila kilichomo. Nilimwambia nitabadilisha prosesa tu, ile chipu inayofikiri kwa niaba ya mashine nzima, na kuacha mengine yote yalivyo. Tulikuwa nayo moja, ya jamii ileile lakini yenye nguvu zaidi, kutoka kwenye mashine iliyokufa. Tatizo ni kwamba ubao wa kompyuta lazima kwanza upakiwe programu mpya ya kuwashia ili uitambue chipu hiyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao wenyewe unakufa, na huenda ni ubao huo ambao programu ya Idrisa inautambua, ndiyo maana haiulizi neno la siri.

Nilimweleza Bi Mwanaidi yote bila kumficha. Alitazama mvua kwa muda.

"Nikiiacha hivi?"

"Itakufa pole pole, bibi."

"Basi heri ifie mikononi mwa mtu anayeihurumia. Bismillahi."

Nilinakili diski nzima kwanza, nikaunganisha mashine kwenye betri ya akiba, nikaanza. Mstari wa buluu ulitambaa kwenye skrini. Ulipofika katikati, taa zikazimika, mtaa mzima. Betri ikaanza kulia. Niliomba kimoyomoyo kama ulivyonifundisha, Bi Mwanaidi naye midomo ikicheza, na Bwana Kizito akavua kofia. Nilihisi kama tumeinuliwa juu ya ardhi, sote wanne, tunaelea ndani ya ile sauti ya mvua.

Mstari ulifika mwisho. Mashine ikajizima, ikajiwasha.

Umeme uliporudi nilifungua feni, nikapangusa ile dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama ugali wa juzi, nikaitoa prosesa ya zamani nikaihifadhi kwenye kitambaa. Mpya ilikaa yenyewe bila kusukumwa. Nikatia dawa tone moja, nikarudisha feni, nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi. Nikapapasa ndani mpaka nikagundua kadi ya memori imelegea. Nikaibana, ikalia ta. Safari hii Windows ikafunguka, ikasema inatayarisha vifaa, kisha ikatokea picha ya mawaridi aliyoiweka Idrisa.

Bi Mwanaidi hakuthubutu kugusa. Aliushika mkono wa Hajara akauweka juu ya vitufe. Programu haikuuliza lolote.

"Alifu," ilisema sauti ya kijana, laini, bila kukwama.

Hajara aliendelea, somo baada ya somo, hadi lile la mwisho. Likafunguka. Nyuma ya sauti ya Idrisa tukasikia vikombe vikigongana, na mwanamke akiita kwa mbali, "Idi, chai inapoa." Kijana akacheka kidogo. "Naja, mama." Kisha akaendelea kusoma.

Hajara aliusimamisha mkono wake. "Bibi, huyo ni wewe."

"Ni mimi," alisema Bi Mwanaidi. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na spika kama mtu anayesikiliza mlangoni. "Nilikuwa nimesahau jinsi alivyokuwa akiitika upesi." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Rudia somo, Hajara. Taratibu."

Mama, tangu siku hiyo natembea kama ninayeota. Mwanamke akimwita mtu sokoni, nageuka mimi. Wewe umeniita nyumbani mara nyingi, nami nikasema kazi, kazi. Nimeshaomba ruhusa kwa Bwana Kizito, naye amekubali. Nitakuja kabla hamjavuna mahindi. Usichinje kitu, niite tu kutoka jikoni.

Nisalimie kaka Mwadime kwenye karakana yake ya viatu, shangazi Mghoi anayekuletea maziwa, na mchungaji wetu, mwambie bado naimba kwaya hata huku.

Naja, mama.

Mwanao,
Wakio