Plaki ya Ramazani

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa tano

Nimeosha nepi. Nimenyonyesha. Kisha plaki, kale kabao ka umeme ka kuwashia jeep. Waya nyekundu imeshika, ya kijani bado. Chuma cha kusudia, cha kushikisha waya kwa risasi, napasha kwenye mbabula ya makaa, vile mume wangu marehemu Ramazani alifanya. Nimeungua kidole. Eda yangu iko mwezi wa pili, sitoki lupango, ua wetu. Jeep yake nayo iko hapa uwanjani, ilizimika wiki ile aliyokufa.

Jumatano, tarehe 7

Shemeji Musa amekuja. Ametafuta mnunuzi, hakuna anayetaka gari maiti. Nikamwambia nitaiwasha. Akacheka. "Mama Zaina, wewe uliyeishia darasa la tano primeri? Haya, ukiiwasha, ikulishe wewe na mutoto."

Nimekasirika. Nani alimshikia Ramazani taa? Nani alimusomea karatasi zake za plaki wakati anasudia? Plaki ikiisha itasoma ugonjwa wa motere na kuiwasha kwa simu. Tutakodisha jeep, njia ya Wamaza. Zaina atasoma.

Ijumaa, tarehe 9

Nimeunga plaki kwenye jeep: kimya. Nimelia mbele ya mutoto.

Jumamosi, tarehe 10

Niligeuza waya mbili. Kosa langu. Nikazirudisha, simu ikaandika: kapteri ya motere. Ndiyo kale kanakosikiliza motere ikizunguka. Nimeingia chini ya gari na nguo zangu za eda. Plagi yake imejaa udongo, nyigu wamejenga ndani, nimeusafisha wote. Nyigu tu. Karibu miezi miwili gari imelala kwa sababu yao.

Jumapili, tarehe 11

Nimekaa barazani, Zaina mapajani, shemeji amesimama. Nikapiga simu. Jeep ikawaka, hakuna mutu ndani. Shemeji aliizunguka mara mbili, akichungulia ndani. Kisha: "Ndugu yangu aliniachia shemeji mwenye akili." Nina furaha. Naona haya kuwa na furaha.

Jumanne, tarehe 13

Shemeji ameiuza jeep. Mfanyabiashara wa Salamabila ameondoka nayo asubuhi, plaki yangu ndani. Shemeji anasema ni mali ya ukoo, tena sasa ina bei. Nikamkumbusha neno lake. "Nilikuwa natania." Niko ndani ya eda, siwezi kuwafuata wazee wa ukoo waamue. Ingekuwa bado maiti, ingebaki hapa. Mimi niliifufua. Namchukia. Najichukia.

Alhamisi, tarehe 15

Mama mkwe ameleta sombe, majani ya muhogo. Alikaa nami mpaka adhuhuri. Pale jeep iliposimama iko doa ya mafuta, sijafagia.

Karatasi za Ramazani, za kutengeneza plaki, hawakuchukua. Zaina alipolala nimenakili ukurasa wa kwanza, pole pole, kwa mwandiko wangu.