Vinywa vya Nyumba ya Bibi

Myamba, kwa Bibi
Septemba 1975

Dada yangu mpenzi Rogathe,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na jua la Same halijakumaliza. Shemeji Tumainieli ameandika kutoka huko kwenye reli? Na mama mkwe wako, miguu yake inaendeleaje? Sisi huku tupo kwa neema ya Mungu. Bibi ni mzima isipokuwa magoti, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Anasema nikusalimu, na nikuambie ile chumvi uliyotuma imekwisha.

Barua nimempa Clemence kwa sababu hushuka na ndizi zake kila wiki, na kwa sababu hajui kusoma. Isome ukiwa peke yako. Ukifika mahali pa kukasirika, kasirika, lakini uimalize.

Dada, huku ni ukungu mtupu. Asubuhi ukitoka nje huoni mgomba ulio mbele yako, unasikia tu majani yake yakidondosha maji. Ng'ombe wa jirani huja kengele kwanza, halafu pua, halafu ndiyo ng'ombe. Tangu Mama anilete nimeishi kama mtu aliyelala nusu. Nilianza kusahau kama kuna kwetu Maore, na zile nyumba zilizopangwa mistari, jirani akikohoa wewe unasema pole. Unakumbuka siku tuliyohamishiwa kijijini, Mama alivyolia kwamba pale hata njaa haifichiki? Basi tumbo langu lingejificha wapi?

Mpango ulikuwa wenu wawili, nami nilikubali, sikatai. Mama aliwaambia walimu kwamba nina bandama, nimepelekwa milimani kutibiwa. Mtoto akizaliwa angekuwa wako. Mimi Januari ningerudi shule, na asingejua mtu. Wakijua, ndiyo basi tena, hakuna shule itakayonipokea. Nawe ungeepukana na maneno ya mama mkwe, anayekutajia watoto wa wenzako kila mkila. Mama alinieleza unavyojifunga vitambaa tumboni, ukihesabu miezi tangu shemeji aliporudi kazini baada ya Krismasi, na jinsi unavyoongeza kanga kila mwezi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikalia, Bibi akauliza kama nimerukwa na akili.

Nilikuwa nakuota mara kwa mara. Nakuona unatembea tambarare, tumbo lako limejaa ukungu, umelishika kwa mikono miwili upepo usiuchukue. Nikikukaribia unaniambia taratibu, Eliaichi, usinipulizie. Basi naamka pumzi nimeibana.

Lugano sijamwandikia. Alirudi kwao Rungwe shamba la mkonge lilipopunguza watu, kabla mimi mwenyewe sijajua lolote. Nilimpenda. Alikuwa kijana mdogo mwenye viatu vya kuazima, basi, usiniulize zaidi.

Mtoto amezaliwa, dada. Aliwahi kuliko mlivyotarajia. Alikuja asubuhi ya ukungu mzito, Bibi akimpokea peke yake, anaimba wimbo wa kanisani na kumlalamikia Mungu katikati ya beti. Ni msichana. Ana masikio yako, yale tuliyokutania kwamba ni vishikio vya sufuria. Bibi aliwaambia majirani nina homa ya kuambukiza, wasikaribie. Mimi akanikataza nisimzoee mtoto: nimnyonyeshe lakini nisimtazame sana. Jamani! Utamnyonyeshaje mtu bila kumtazama? Na yeye mwenyewe nilimfumania akimnong'oneza habari za shamba.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita pembe ya msaragambo ililia. Kama Same imekusahaulisha, nikukumbushe: ukingo wa ndiva, lile bwawa linalolaza maji yetu usiku, ulikuwa umebomoka, na pembe ikilia kila nyumba itoe mtu wa kufanya kazi. Nyumba isiyotoa mtu inarukwa zamu ya maji. Na maharage ya Bibi ndiyo kwanza yanatoa maua, mvua hakuna. Bibi akasimama, magoti yakamrudisha chini. Akajaribu tena. Nikamshika bega nikamwambia akae, nitakwenda mimi. Akapiga kelele kwamba arobaini yangu haijaisha, na mtoto je? Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua jembe nikatoka.

Nilipotokea kwenye ukungu wanawake wote waligeuka kunitazama. Lukia, yule anayeuza mafuta ya taa, akaniuliza hiyo homa yangu ina miguu mingapi. Nikamwambia miwili, tena inanyonya. Wakacheka, dada! Nilidhani watanitemea mate. Wengine waliguna, sikufichi, na mke wa mwinjilisti hajanisalimu hadi leo. Lakini Lukia alininyang'anya jembe, akanipa kazi ya kupitisha majani ya kuzibia ukingo.

Kazi ilipokwisha mzee Eliezeri akasimama pale juu agawe zamu. Unajua hugawa kwa vinywa. Kila nyumba inataja waliomo mbele ya watu wote, na kinywa kilichotajwa ndivani ni cha nyumba ile. Hata ndugu wagombane namna gani, wazee hawakihamishi. Alipofika kwetu akauliza nyumba ya Bibi ina vinywa vingapi. Jibu nilikuwa nimeliandaa njia nzima: viwili, na huyu mtoto ni wa dada yangu wa Same, nimeachiwa kumlea tu. Watu wangeamini, au wangejifanya wanaamini. Maji yalianza kupanda nyuma ya ukingo mpya, sauti yake ndogo kabisa, na ukungu unaondoka juu yake vipande vipande. Mtoto akaamka, akawa ananipapasa mgongo. Nikasema vitatu.

Mzee akauliza cha tatu ni cha nani. Nikasema ni cha mwanangu. Akauliza anaitwa nani.

Nikasema Wema.

Ndilo jina ulilolidarizi kwenye kile kikofia alicholeta Mama. Sikuwa na jingine, dada. Tangu azaliwe nilikuwa namwita hivyo moyoni.

Kwa hiyo shule imekwenda. Maore watasikia kabla ndizi za Clemence hazijaiva. Nimeililia shule, usidhani sikulia. Nilikuwa wa pili darasani, na huyo wa kwanza nilikuwa namkaribia. Mzee Eliezeri ameniomba niwafundishe kina mama kisomo alasiri, maana mwalimu aliyepo peke yake hatoshi. Bibi amejiandikisha wa kwanza. Anasema anataka kuona kama huko shule nilikuwa nasoma kweli.

Najua nimekunyang'anya. Siwezi kulipaka asali neno hilo. Ulikwisha kujiona naye mgongoni unakwenda sokoni, na mimi nimesema neno moja mbele ya watu, limekwisha. Mama mkwe utamwambia nini sijui. Nimekutungia uongo wa kila namna, wote mfupi mno, miguu inabaki nje. Shemeji ni mtu mpole. Mwandikie wewe kabla hajaandikiwa na mwingine. Na kama hutaki kuniona nitaelewa, ila nitaumia sana.

Lakini ulipanga kupanda huku mwisho wa mwezi huu kumchukua. Usiache kuja, dada. Wema ana mama mdogo wa umri, asiyejua hata kumkanda mgongo akilia, na anamhitaji mama yake mkubwa. Njoo umshike. Ukitaka kukaa nasi mpaka maneno ya Same yapoe, Bibi amesema kitanda kipo, na kinywa cha nne atakitaja yeye mwenyewe, magoti yapende yasipende.

Ila usije na hivyo vitambaa tumboni. Mlima ni mkali, utavibeba bure. Vifungue, uvifue, uvikunje, uje navyo kwenye kapu. Kanga zote ulizojifunga ni zake, na huku mvua ya ukungu hainikaushii nepi hata moja.

Bibi anakusalimu sana. Anasema usisahau chumvi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Eliaichi
Mama Wema