Kiboko Niliyemlisha Nyama

Jumapili, Makanyagio

Na lile jeraha la kwenye filamu ya leo, jamani! Steringi anakatwa panga mkono wa kulia, akifika mtoni anavuja damu mkono wa kushoto. Mimi ndiye ninayetafsiri filamu kwa kipaza sauti pale kwenye banda la video, kwa hiyo nikamsemea, "Wamenikata na wa pili!" Watu wakapiga makofi. Nikajiona fundi kweli, nimefunika kosa la Wazungu.

Kisha kiboko akaibuka, akamvuta jambazi chini, maji yakatulia. Filamu haikuonesha zaidi. Nikapaza sauti, "Kamtafuna huyo mpaka mifupa!" Banda zima likacheka.

Filamu ilipoisha nikawa nakunja nyaya, Mama Odeta anayeuza karanga mlangoni akanisogelea. Mume wake aliuawa na kiboko mwaka jana, alikwenda kuvua. Nilikuwepo msibani kule Litapunga. Sanduku halikufunguliwa. Nilisahauje?

"Mwanangu, kumbe viboko wanakula watu? Mimi waliniambia alimuuma tu. Sasa nilizika nini?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Kiboko anakula majani. Anaua, lakini hali mtu. Filamu zinadanganya, hata jeraha hawajui liko mkono upi."

Akashusha pumzi, akakaa kidogo kwenye benchi.

"Mungu awasamehe hao watu wa filamu," akasema, akajitwika beseni lake akaondoka.

Sikumwambia kwamba pale filamu haikusema kitu. Nilisema mimi.