Picha Safi, Mguu wa Ganzi

Nyasubi, Alhamisi

Eti mimi mwongo! Bosi ameyasoma majibu yangu ya MRI, ile picha ya ubongo, mbele ya wauza dhahabu. "Ubongo hauna kasoro. Sasa huo mguu unaouburuta, karani, umeazima wapi?" Wakacheka.

Mtu huyuhuyu hukata kila kipande cha dhahabu katikati kabla ya kukinunua, kwa sababu haamini anachokiona juu. Picha yangu ameiamini papo hapo.

Daktari anashuku ugonjwa wa MS, unaoharibu mayelini, utando unaofunika neva. Alinieleza kwamba picha ya kawaida huonyesha makovu, lakini utando unaweza kuharibika bila kuonekana. Ziko njia mpya za MRI zinazopima mayelini yenyewe. Mashine iliyonipiga picha haina njia hizo.

Naogopa. Ganzi imefika kiunoni, na jicho la kushoto lina ukungu.

Kesho bosi anataka nisaini barua ya kukiri kwamba nilidanganya ili nipewe ruhusa ya ugonjwa. Nisiposaini, kazi sina.

Nimeandika mahali pa sahihi: "Utando haujapimwa." Kalamu imenidondoka mara mbili, na mwandiko umepinda. Lakini unasomeka.